Sangara, Dagaa na Pato la Taifa: Mahali pa Mwanamke katika Biashara ya Nje

Kibara ni mji mdogo ulio kando ya Ghuba ya Speke, katika Wilaya ya Bunda, mkoani Mara. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za mwambao wa Ziwa Victoria, wakazi wake hutegemea jembe na nyavu: shambani hulima pamba na mihogo, na ziwani huvua sangara, sato na dagaa. Kwa mtazamo wa juu juu, mji wa namna hii uko mbali sana na mambo makubwa ya uchumi kama vile thamani ya shilingi, mizania ya biashara na mikataba ya kimataifa. Ukweli ni kinyume chake. Bei anayolipwa mvuvi alfajiri, na bei anayolipa mama mchuuzi katika mwalo huo huo, huamuliwa kwa sehemu kubwa na mambo hayo makubwa. Tena, jambo linalostahili kuzingatiwa na walimu na wanafunzi wa somo la uchumi ni kwamba mambo hayo hayawafikii wanaume na wanawake kwa namna moja.

Mwaka 1817 mwanauchumi wa Kiingereza, David Ricardo, alieleza kwamba kila nchi hufaidika inapozalisha kile inachoweza kukizalisha kwa gharama nafuu zaidi kuliko vitu vyake vingine, kisha ikabadilishana na nchi nyingine. Nadharia hiyo ina ukweli mkubwa, na ndiyo msingi wa mafundisho ya biashara ya nje hadi leo. Hata hivyo, namna inavyofundishwa kwa kawaida imejengwa juu ya dhana mbili ambazo mara chache huchunguzwa. Dhana ya kwanza ni kwamba mfanyakazi anayepoteza kazi moja ndani ya nchi anaweza kuhamia kazi nyingine bila taabu. Dhana ya pili ni kwamba kaya ni kama mtu mmoja, mwenye mfuko mmoja na nia moja. Kazi ya sayansi ni kupima dhana kwa ushahidi, na ushahidi mmoja mzuri umo katika Ziwa Victoria lenyewe.

Sangara hakuwa samaki wa asili wa ziwa hilo. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila upande, huku furu wa aina nyingi wakipungua au kutoweka kabisa. Furu walikuwa samaki wadogo wa bei nafuu. Mwanamke mwenye mtaji mdogo aliweza kununua fungu, kuwaanika juani na kuwauza vijijini. Sangara, kwa upande wake, ni mkubwa na mwenye mafuta mengi. Haaniki kwa urahisi, bali huhitaji kubanikwa kwa kuni nyingi au kukaangwa. Wanawake walijifunza kazi hiyo mpya, na kwa muda biashara ya sangara wa kubanika na wa kukaanga ikawa mikononi mwao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilianza kujengwa viwanda vya minofu katika miji ya Mwanza na Musoma, ili kuuza samaki katika nchi za Ulaya na kwingineko. Samaki wa kiwandani lazima akae katika barafu tangu anapotolewa majini. Kwa hiyo mawakala wa viwanda walifika mialoni wakiwa na barafu, wakawakopesha wavuvi nyavu na mashine za mitumbwi kwa sharti la kuuziwa samaki wote. Mama mchuuzi hakuwa na barafu, wala nyavu za kukopesha. Wengi waliachiwa samaki wadogo au walioharibika, na waliokaa karibu na viwanda waliuza mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kuondolewa.

Hapa dhana ya kwanza inaonekana udhaifu wake. Kinadharia, mchuuzi aliyepoteza biashara angehamia katika kazi yenye faida zaidi, yaani kumiliki mtumbwi au kuwa wakala. Lakini ili ahame alihitaji mtaji. Ili apate mtaji alihitaji dhamana. Na dhamana, iwe ardhi au nyumba, kwa kawaida ilikuwa katika jina la mwanamume. Katika baadhi ya mialo, hasa upande wa Kenya, watafiti wameandika habari za wanawake wanaolazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na wavuvi ili wauziwe samaki, na hatari ya maradhi inayofuatana na jambo hilo. Gharama ya namna hiyo haionekani popote katika takwimu za mauzo ya nje.

Thamani ya fedha nayo ina upande wake wa jinsia. Mwaka 1986 Tanzania ilianza Mpango wa Kufufua Uchumi, ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Dola moja ya Marekani, iliyokuwa kama shilingi 17 mwanzoni mwa mwaka huo, ilizidi shilingi 50 mwaka ulipomalizika. Kusudi la kushusha thamani ya shilingi lilikuwa kumpa moyo mzalishaji wa bidhaa za kuuza nje. Uchukuliwe mfano wa kufikirika wa samaki ambaye kilo yake huuzwa nje kwa dola moja. Mwenye nyavu ambaye jana alipata shilingi 17 kwa kilo leo anapata 50. Lakini mchuuzi mwenye mtaji wa shilingi 170, aliyekuwa akinunua kilo 10, sasa anapata kilo 3 na ushei. Badiliko ni lile lile. Mmoja limemwinua na mwingine limemwangusha. Ikiwa karibu wenye nyavu wote ni wanaume na wachuuzi wengi ni wanawake, haiwezi kusemwa kwamba sera hiyo haina jinsia.

Jambo la tatu ni kazi isiyolipwa. Sera ile ile ya kupunguza matumizi ya Serikali ilileta uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za umma kuanzia mwaka 1993. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani mapema hakukosa wa kumuuguza. Aliuguzwa na mama, dada au binti aliyeacha masomo. Mwanauchumi Diane Elson wa Uingereza ameonyesha kwamba mipango mingi ya kurekebisha uchumi hudhani kuwa kazi ya mwanamke inaweza kuvutwa kama mpira bila kukatika. Kile kinachoandikwa katika vitabu vya hazina kuwa akiba, mara nyingi ni mzigo uliohamishwa kutoka hospitali hadi jikoni. Na jiko hilo halihesabiwi: kanuni za kimataifa za hesabu za taifa, zilizorekebishwa mwaka 1993, ziliruhusu kuteka maji na kuokota kuni kuingizwa katika uzalishaji, lakini kupika, kulea na kuuguza nyumbani kukaachwa nje.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Watasema kwamba minofu imeliletea taifa fedha za kigeni, kwamba wako wanawake waliopata ajira viwandani, na kwamba pato la mume ni pato la nyumba nzima. Hoja mbili za kwanza ni za kweli, na hakuna sababu ya kutaka viwanda vifungwe. Hoja ya tatu ndiyo dhana ya pili iliyotajwa hapo juu, nayo inapingwa na maisha ya kila siku: katika kaya nyingi mume na mke wana mifuko tofauti, na wa mke ndio unaonunua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Mfuko huo ukipungua, hata kama wa mume umejaa, mtoto huona upungufu.

Suala hili si historia tu. Leo dagaa ndiye anayeongoza kwa uzito katika uvuvi wa Ziwa Victoria. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na asubuhi huanikwa, kazi inayofanywa zaidi na wanawake. Dagaa huyo anauzwa Kongo, Rwanda, Kenya na kwingineko, na watengenezaji wa chakula cha kuku nao wanamtafuta. Bei yake ikizidi kupanda, yaliyompata mchuuzi wa sangara yaweza kumpata mwanikaji wa dagaa. Bado upo wakati wa kuzuia. Mikopo ya chanja na maghala itolewe kwa vikundi bila kudai hati ya ardhi. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa ndogo ndogo uelezwe kwa Kiswahili mialoni na mpakani Sirari. Na takwimu za uvuvi zionyeshe jinsia ya mwenye mtumbwi, mnunuzi na mwanikaji. Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006 ulipima namna watu wanavyotumia saa zao, na kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana nchini.

Hata shule ya sekondari yaweza kuanza. Wanafunzi wa Kibara, wakiongozwa na mwalimu wao, wanaweza kuhesabu kwa juma moja ni wanawake wangapi na wanaume wangapi wanaomiliki mitumbwi, wanaonunua na wanaoanika, bei ya ndoo moja ya dagaa kila siku, na saa ambazo mwanikaji hutumia kwa maji, kuni na kupika kabla na baada ya kazi ya mwalo. Hesabu hiyo haihitaji chombo chochote isipokuwa daftari na kalamu, nayo itakuwa na habari ambazo taarifa nyingi za biashara ya nje hazina.