Eti "ni nadharia tu"

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu hapa Embulbul na kitabu chake cha Baiolojia. Yuko Kidato cha Nne na wamefika mada ya mageuko, yaani jinsi viumbe vinavyobadilika kizazi hadi kizazi. Akaniambia, "Mjomba, mwalimu amesema tukariri tupate alama, lakini tusiamini. Ni nadharia tu."

Jamani, maneno hayo yamenikera kuliko hitilafu yoyote ya programu niliyokutana nayo mwaka huu. Kidato cha Kwanza, kwenye somo la Dini, mtoto huyu alifundishwa uumbaji. Sasa anafundishwa asili ya binadamu huku anayemfundisha akimkonyeza. Yaani andika usichoamini, bora upate A! Huko ndiko kulinda imani? Mimi pia huenda kanisani, na sikumbuki amri inayoruhusu uongo wakati wa mtihani.

Tuanze na hilo neno. Mtaani, nadharia ni kubahatisha. Kwenye sayansi ni maelezo yanayounganisha ushahidi mwingi, na ambayo ushahidi mwingine ungeweza kuyaangusha. Ramani ya simu yako inategemea satelaiti za GPS, na saa za satelaiti hizo zingekimbia mbele mikrosekunde 38 hivi kila siku kama zisingerekebishwa kwa kufuata nadharia za Einstein. Sijasikia mhubiri akisema tutumie ramani lakini tusiiamini.

Sasa niongee kama mwandishi wa programu. Vijana wawili wakiniletea kazi, nikakuta kosa lile lile kwenye mstari ule ule, najua walinakili kutoka sehemu moja. Mbuzi wanaopita mbele ya lango langu hujitengenezea vitamini C mwilini. Sisi hatuwezi. Jeni ya kazi hiyo bado tunayo, ila imeharibika. Ya sokwe nayo imeharibika, kwa namna inayofanana na yetu. Kosa moja, nakala mbili. Wewe ungesemaje?

Na hii vita si ngeni kwetu. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu, aliona kipande cha mfupa Nariokotome, Turkana. Kikazaa mifupa ya kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, karibu mwili mzima. Mwaka 2006, makumbusho ya Nairobi yakiwa yanakarabatiwa, Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kutaka mifupa ya namna hiyo isipewe nafasi ya mbele. Richard Leakey akapinga vikali. Makumbusho yakafunguliwa tena 2008, na kijana wa Turkana akawekwa watu wamwone. Imani ya nani ilivunjika? Hapa Embulbul kila Jumapili vipaza sauti vya makanisa bado vinashindana tangu asubuhi.

Simlaumu askofu kwa kuamini. Namlaumu kwa kuogopa mfupa. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, na hakuvua joho. Louis Leakey, baba yake Richard, alizaliwa Kabete kwa wazazi wamishonari.

Wale wenzangu wa ofisini wanaosema mifupa imemfuta Mungu nao wapunguze kelele. Mfupa unaeleza kijana yule alikuwa na umbo gani na aliishi lini. Swali la kwa nini tupo halipimwi kwa rula, na anayedai amelipima anauza kitu.

Mpwa wangu nimemwambia aandike anachoelewa, na asichokubali akiulize darasani kwa sauti. Likizo ikifika nitampeleka Olorgesailie, humu humu Kajiado, kwenye barabara ya Magadi. Mashoka ya mawe ya watu wa kale yako pale chini, mengi ajabu, unayaona ukiwa umesimama juu ya daraja la mbao. Mwalimu wake pia anakaribishwa, gari lina nafasi.