Kariakoo Si Jina la Mzaha

Nimewasikia watu waliosoma wakisema ya kuwa Kariakoo ya Dar es Salaam ni mahali pa nguo za bei rahisi tu, na habari zake ni habari za wenye maduka. Nakataa. Wajerumani walijenga banda la soko pale, vita vya 1914 vikaingia. Waingereza walipoutwaa mji, Septemba 1916, wakapafanya kituo cha wapagazi wao, Carrier Corps. Vinywani mwa watu jina likawa Kariakoo, na kule Nairobi likawa Kariokor.

Watu hao walitolewa vijijini, wengi kwa nguvu. Walichukua unga wa askari hali wao wenyewe walilala njaa. Hesabu ya serikali yenyewe ilikiri vifo vyao zaidi ya 40,000, na wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara na homa.

Mwaka 1927 iliwekwa sanamu mjini. Maandishi yake yawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Je, yule aliyemchukulia chakula hakuwa na sura?

Jumba jipya la soko, lililochorwa na Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, likaungua Julai 2021. Fedha nyingi zikatolewa kulitengeneza. Basi wasituambie kwamba hapana fedha ya jiwe moja la wapagazi, mlangoni, pale wachukuzi wapitapo na marobota kichwani.