Pesa ya ofisi ya mbunge: nani anaona hesabu?

Madini yanayochimbwa hapa Mutoshi yanalisha pia Bunge. Kwa sheria ya 2018, nusu ya ushuru wa madini, ile redevansi, inakwenda serikali kuu Kinshasa. Mahali yanapotoka hapabaki ila 15%.

Kinshasa ndiko wanakolipwa wabunge 500. Mwaka 2022 Martin Fayulu alisema kila mmoja anapokea dola 21,000 kwa mwezi. Mshahara ni ngapi humo, na ya ofisi ngapi? Mbunge anahitaji wasaidizi na safari, hatukatai. Lakini hata msimamizi wa Luka 16 aliitwa atoe hesabu.

Akija likizoni kutusalimia kanisani, tumuulize kwa heshima: ofisi yako ya Kolwezi iko barabara gani?