Kidonge Kinabana Kifua, Lawama Anapewa Vumbi

Sisi tunaopanda Noah na Hiace kati ya Arusha na Karatu, na wenzetu wanaoendelea hadi Endulen na Nainokanoka kwenye Land Cruiser zilizokula chumvi nyingi, tuna jambo. Tumelisema stendi, tumelisema mnadani, tumelisema kwenye benchi la zahanati, na kote limeishia kuchekwa. Ziko dawa za kuzuia kutapika ambazo baadhi yetu tukishazimeza, vifua vinabana. Tukienda kueleza, jibu tunalijua kabla halijatamkwa: "Mama yangu, hilo ni vumbi tu."

Vumbi lipo, nani atalikana? Lami inakufikisha lango la Lodoare, kuanzia hapo ni udongo mwekundu, na mwezi wa nane gari la mbele likishapita, la nyuma linaendeshwa kwa kubahatisha. Na halipo peke yake. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, baridi ya alfajiri inaingia hadi kwenye mifupa, kuni zinawaka ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, na kifua kikuu bado tunacho. Hapo ndipo tunapokwama. Mtu wa Dar es Salaam akibanwa pumzi baada ya kumeza dawa, pengine ataulizwa amemeza nini. Kwetu washukiwa ni wengi mno, na kidonge hakifikiwi na zamu ya kuhojiwa.

Anayedhani kutapika ni kudeka, apande Noah iliyojazwa hadi kwenye buti, ipandishe kona za Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu nyuma ya lori linalotoa moshi mweusi, halafu aliyekaa pembeni yake afungue mfuko wa samaki wakavu. Tunanunua dawa kwa sababu tunazihitaji. Mjamzito anayetapika hadi midomo kumkauka anaihitaji kuliko msafiri yeyote, na mgonjwa wa saratani aliyetoka kuwekewa dripu Moshi hawezi kurudi Karatu bila hiyo. Kwa hiyo asitokee mtu akasema tumeanza kampeni ya kukataa dawa za hospitali.

Tunachonung'unikia ni namna zinavyotufikia. Unaingia duka la dawa, unasema "naomba ya kuzuia kutapika". Ukanda unakatwa kwa mkasi, vidonge vinatiwa kwenye kibahasha, juu inaandikwa 1×3, unalipa, unatoka. Jina la dawa limebaki kwenye kipande kilichorudi kabatini. Karatasi ya maelezo imebaki kwenye boksi, nayo ni ya Kiingereza, maandishi ya kuumiza macho. Hakuna aliyekuuliza kama una pumu. Hakuna aliyekuuliza kama jana ulikunywa, au kama unameza tramadoli kwa ajili ya mgongo. Siku ukirudi kulalamika, wewe mwenyewe huwezi kutaja ulichokula. Mzee mmoja wa Rhotia alipoulizwa dawa gani iliyombana, alisema, "Ile nyeupe." Zahanati nzima ikacheka. Sasa mlitaka aseme nini?

Majina tumeyapata kwa kuulizauliza. Kubwa zaidi ni prometazini, ile inayoleta usingizi. Inakausha majimaji ya njia ya hewa, makohozi yanakuwa mazito, ndiyo maana maelezo yake yanataka tahadhari kwa mwenye pumu na maradhi mengine ya mapafu. Pia inaweza kupunguza kasi ya kupumua, na hatari inaongezeka ikikutana na pombe au dawa kali za maumivu. Ya pili ni metoklopramidi, ambayo wengi wetu tunaiita Plasil. Imeandikwa kwamba inaweza kubana njia za hewa, hasa kwa mtu aliyewahi kuwa na pumu. Ya tatu, ondansetroni, hutokea mara chache ikaleta mzio wa kifua kubana na kukoroma wakati wa kuvuta pumzi. Watengenezaji wenyewe ndio walioyaandika haya. Tukiyasema sisi, inakuwa umbea wa stendi.

Sindano nayo ina kisa chake. Metoklopramidi ikisukumwa kwenye mshipa harakaharaka, mtu anaweza kushikwa na wahaka wa ghafla, hatulii, anataka kuruka kitandani. Wenzetu waliopitia hapo wanasema walihisi kama hewa imekwisha chumbani. Tangu mwaka 2013 maelekezo ya Ulaya yanataka sindano hiyo isukumwe polepole, angalau kwa dakika 3. Tunajua foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja, tena amekesha. Lakini dakika 3 ni dakika 3, na mgonjwa akianza kuhangaika asiambiwe ana mapepo.

Linalotuuma zaidi ni la watoto. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo zito kabisa liwekwe kwenye prometazini: isipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu wapo waliozidiwa pumzi wakafa. Zaidi ya miaka 20 imepita. Na huku kwetu bado kuna mama anayeshauriwa, kwa nia njema kabisa, ampe mwanawe kijiko cha dawa ya maji kabla ya safari ndefu ya kukatiza hifadhi kwenda Loliondo au Musoma. Mtoto analala. Abiria wanamsifu kwa utulivu wake, konda naye anashukuru. Hakuna mtu ndani ya basi anayejua kwamba usingizi ule unatakiwa kuangaliwa. Mama huyo asilaumiwe na yeyote. Angejuaje, wakati chupa aliyouziwa imebandikwa maelezo ya kumfaa mtu aliyemaliza kidato cha nne kwa Kiingereza, naye lugha aliyokulia ni Kiiraqw?

Halafu tunaambiwa tuwaachie wataalamu. Sawa, ila wataalamu wenyewe walianzaje? Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuza talidomaidi, dawa ya usingizi ambayo baadaye wajawazito wa nchi nyingi walipewa kutuliza kichefuchefu. Walizaliwa watoto zaidi ya 10,000 wenye viungo visivyokamilika. Iliondolewa sokoni Ujerumani mwishoni mwa 1961, baada ya madaktari wachache kuona jambo moja likijirudia na kulisema hadharani. Hakuna aliyekuwa na ushahidi uliokamilika siku ya kwanza. Kutokana na msiba huo, mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa nchi kupelekeana taarifa za madhara ya dawa, na Tanzania iliingia mwaka 1993. Yaani utaratibu mzima huu wa kuripoti umezaliwa na dawa iliyomezwa kwa ajili ya kichefuchefu, na sisi wa kichefuchefu ndio tunaoambiwa ni vumbi.

Wilaya ya Ngorongoro imewahi kusikilizwa habari za dawa, tena sana. Mwaka 2011 nchi ilihamia Samunge kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mzee aliyeitwa Babu, kwa shilingi 500. Mawaziri walikuja, waandishi walikuja, magari yalipangana kilomita kwa kilomita, na kila aliyesema amepona aliwekewa kipaza sauti mdomoni. Leo mtu anasema kidonge kilichosajiliwa, chenye nembo na tarehe ya mwisho ya kutumika, kimembana kifua, na haandikiwi hata mstari mmoja kwenye daftari.

Mlango wa kuripoti upo, hilo nalo tumelijua kwa kuchelewa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, ina fomu ya njano ya watumishi wa afya, na mwananchi wa kawaida anaweza kutoa taarifa mwenyewe, hata kwa simu ya kitochi kupitia *152*00#. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, tunapita karibu nayo kila tunapokwenda mjini. Na kumbe, hili ndilo lililotukera kuliko yote, anayeripoti hatakiwi kuthibitisha chochote. Kushuku kunatosha. Unaandika umemeza nini, lini, ukapatwa na nini, una maradhi gani mengine. Kupima kama ni kidonge au ni vumbi ni kazi ya watakaozipokea taarifa hizo na kuzilinganisha na za wengine. Sisi tumekuwa tukirudishwa nyumbani kwa sababu hatujathibitisha.

Basi tunachotaka ni kidogo. Jina la dawa liandikwe kwenye bahasha pamoja na ile 1×3. Muuzaji aulize habari ya pumu kabla ya kukata ukanda, na mtoto anyimwe dawa ya kumlaza kwa ajili ya safari, hata kama mama amebembeleza na gari linapiga honi. Anayekuja anahema kwa shida atibiwe kwanza, historia ya vumbi ifuate baadaye. Na ile fomu ya njano, kama iko kabatini, itolewe. Kalamu tutakuja nazo wenyewe.