Maghorofa ya vioo yanaiumiza Tanga



Nataka kueleza kero ambayo wakazi wengi wa Jiji la Tanga tunainung'unikia vibarazani bila kuifikisha kwa wahusika. Mji wetu unajengwa upya, unajengwa vibaya, na juu ya hayo tunatakiwa tushukuru.

Tulifikaje hapa? Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha mkonge tani zipatazo 230,000, na mkoa huu ndio uliokuwa kitovu chake. Nyuzi za nailoni zilipoingia sokoni bei ikaanguka, mashamba yakamezwa na magugu, na viwanda navyo vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kwa miaka mingi mtu akichimba msingi wa ghorofa hapa tulimwona mkombozi. Nani angethubutu kumuuliza anajenga nini? Mazoea hayo ndiyo yanayotugharimu leo.

Pita katikati ya mji utazame. Ramani ni ileile kila kiwanja: boksi la ghorofa nne, fremu za maduka chini, uso mzima vioo vya bluu na alumini. Vioo vimeelekezwa magharibi, kwa hiyo jua la alasiri linaingia lote, na madirisha mengi hayafunguki. Umeme ukikatika saa tisa mchana, muuza duka unamkuta nje amekalia kreti la soda, maana ndani hakukaliki. Umeme ukirudi, viyoyozi vinawadondoshea maji wapita njia. Mwarobaini uliokuwa mbele umekatwa, pevingi imetandazwa hadi ukingoni mwa lami, na masika ikifika maji yote yanamwagikia kwa jirani. Kodi ya fremu analipa mfanyabiashara mdogo, umeme wa LUKU ananunua yeye. Aliyechora jengo hagharimiki hata shilingi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ujuzi tunao. Nenda Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba, nyumba za Kiswahili bado zimesimama: baraza mbele, ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa barabarani hadi uani, upepo wa bahari unaingia huku na kutokea kule. Kwenye maduka ya zamani mjini kuna roshani juu na kibaraza chenye paa chini, mteja anajikinga jua na mvua bila kumlipa mtu.

Sisemi turudi kwenye udongo na boriti. Soko la Kariakoo, lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kukamilika miaka ya 1970, lilikuwa zege tupu. Lakini paa lake la miavuli mikubwa lilikinga maji ya mvua na kuacha hewa ipite. Lilikuwa jengo la kisasa kabisa, na aliyelichora alijua jua la Pwani likoje.

Majengo ya zamani nayo yako hatarini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja yale yaliyojengwa kabla ya 1863. Tanga tunayoiona leo karibu yote ni ya baada ya hapo; hata reli yetu ilianza kujengwa 1893. Jengo lisipotangazwa rasmi halina mtetezi. Boma la Wajerumani limepona kwa kugeuzwa makumbusho, lakini hatuwezi kugeuza kila nyumba makumbusho.

Nalisema hili sasa kwa sababu pesa inarudi. Bandari imeongezwa kina, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani. Ofisi, maduka na nyumba za wageni zitajengwa kwa wingi, na watakaoishi na makosa yetu ni wajukuu.

Naomba mambo matatu. Kwanza, jengo lolote la biashara lisipewe kibali bila kibaraza chenye paa upande wa barabara, madirisha yanayofunguka, na mti kwa kila mti uliokatwa. Pili, michoro ya majengo makubwa ibandikwe hadharani kabla ya kupitishwa, wakazi tutoe maoni. Tatu, iandaliwe orodha ya majengo ya kuhifadhiwa, mtaa kwa mtaa, kabla tingatinga halijafika.

Nitaambiwa masharti haya yatawakimbiza wawekezaji. Mwenye uwezo wa kuagiza vioo vya ghorofa nne hafilisiwi na kibaraza. Umaskini wa mji wetu ndio sababu kubwa ya kujenga kwa akili, maana hatuna fedha ya kupoza kwa umeme majengo ambayo upepo ungeyapoza bure. Madiwani tuliowachagua waipeleke hoja hii kwenye kikao chao kijacho, na sisi wakazi tufike ukumbini tusikie nani anaiunga mkono na nani anaipinga.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga