Unaenda Kusoma au Kuteleza?

Mwezi huu nilipanga kuongelea michango ya harusi, ila imebidi isubiri kidogo kwa sababu ya barua ya dada mmoja wa Nairobi. Ana miaka 27, amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Ontario, Canada, na ana mchumba. Mpaka hapo mambo ni ya kawaida. Kasheshe imeanza kwenye kufunga sanduku. Dada huyu anacheza skeiti ya mitindo, ile ya kuruka na kuzunguka kwenye barafu, na mchumba wake hataki kusikia habari ya viatu vya barafu kupanda ndege. Amemuuliza swali moja tu: "Unaenda kusoma au kuteleza?"

Najua wapo watakaosema, barafu Nairobi? Ndiyo jamani. Mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Watoto wengi walipelekwa pale kushangaa tu, wakarudi nyumbani yakaisha. Wachache walinogewa. Dada yetu alikuwa na miaka saba, na anasema mpaka leo hakuna mahali pengine kichwa chake kinapotulia kama pale.

Mimi mwenyewe skeiti siijui. Nikiingia kwenye barafu nashika ukuta kama mtoto anayejifunza kusimama. Lakini mwaka 2013 nilikuwa Toronto kusomea mawasiliano, nikapanga nyumba moja na binti wa Kijapani aliyecheza mchezo huu toka utotoni. Kwa hiyo haya ninayosema si ya kusimuliwa.

Yule binti alikuwa anaamka saa kumi na nusu alfajiri, siku tatu kwa wiki. Si kwamba alipenda. Mchana viwanja vinakuwa na shule na timu za hoki, na jioni ndiyo kabisa, hoki tupu. Mtu anayetaka kuruka anahitaji nafasi, na nafasi inapatikana kabla jua halijachomoza. Viwanja vya nje vya jiji la Toronto ni bure wakati wa baridi, mtu yeyote anaingia, lakini pale watu wamejaa na watoto wao. Utaruka umuangukie nani?

Kingine ambacho sikukijua: mchezo huu unakimbia haraka ukiuacha. Wiki mbili bila barafu na miguu inaanza kusahau. Kinachoanza kuondoka ni miruko, na wa kwanza kabisa kwa mwenzangu ulikuwa akseli. Huo ndio mruko pekee unaoanza ukiwa unatazama mbele, kwa hiyo unazunguka nusu mzunguko zaidi ya mingine. Ulipewa jina la Axel Paulsen wa Norway, aliyeuruka mwaka 1882. Mtihani wa takwimu yule binti alipata alama mbaya na hakulia. Akseli ilipopotea baada ya wiki tatu za mitihani, alilia jikoni mpaka chai ikapoa. Wakati ule niliona ni vituko. Leo naona alikuwa analilia kitu kimoja alichokuja nacho kutoka kwao ambacho Canada haikumfundisha.

Sasa mchumba wa dada yetu pengine atasema, mabingwa wao wanafanyaje? Tuangalie. Yuzuru Hanyu alihamia Toronto mwaka 2012, akiwa na miaka 17, kufanya mazoezi kwa kocha Brian Orser. Mwaka uliofuata akaanza Chuo Kikuu cha Waseda cha kwao Japani, akisoma kwa masafa. Dhahabu ya Olimpiki akaichukua Sochi 2014, akairudia Pyeongchang 2018, na shahada akaipata mwaka 2020. Nathan Chen wa Marekani alianza Yale mwaka 2018 huku kocha wake akibaki California, upande wa pili wa nchi. Machi 2019, akiwa mwaka wa kwanza, akawa bingwa wa dunia. Inapendeza, si ndiyo? Ila usiishie hapo. Chen alipoona Olimpiki ya Beijing inakuja, aliomba likizo ya masomo. Alishinda dhahabu mwaka 2022, akarudi darasani, akahitimu 2024. Yaani hata hao wenye vipaji vya ajabu kuna kitu walikisogeza. Mmoja alichukua miaka saba kupata shahada, mwingine alisimamisha masomo.

Dada yetu ana miaka miwili tu na ada ya kulipa. Hawezi kusogeza masomo. Basi asogeze skeiti, lakini asiiache. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanadhani ni yote au hakuna. Mwenzangu yule alikuja Toronto na hesabu za kupanda daraja. Muhula wa pili akazibadilisha: hakuna mruko mpya mpaka amalize shule, anatunza alivyonavyo. Siku tatu zikawa mbili. Siku nyingine alifanya miruko sebuleni bila viatu, akaruka kamba, akanyoosha viungo huku anasikiliza mhadhara aliourekodi. Akseli ilirudi mwezi Juni, bila kelele.

Halafu kuna hili la timu. Vyuo vya Ontario vina timu zao za skeiti ya mitindo na hushindana kila mwaka. Dada, ukifika tu Septemba ulizia. Ukiwa kwenye timu unapata muda wa barafu kwa nafuu, na zaidi ya hapo unapata watu. Upweke wa Februari kule usikie hivi hivi kwa wenzako.

Kaka, nawe nisikilize, maana hoja unayo. Mchezo huu unakula pesa. Muda wa uwanja unalipiwa kwa saa, kocha binafsi analipwa kwa dakika, na visu vya viatu vinahitaji kunolewa baada ya saa 20 hadi 30 hivi za mazoezi. Una haki ya kujua hizo pesa zinatoka wapi kama mnajenga maisha pamoja. Mwambie aziandike kwenye karatasi, na aulize bima ya chuo inalipa nini mtu akianguka akavunjika mkono. Hayo ni maswali ya mwanaume mwenye mipango. Lakini kumwambia aache viatu nyumbani hayo si maswali, ni amri, na amri ya namna hiyo inasafiri naye mpaka huko. Kila ukipiga simu atakuwa anakumbuka.

Nahisi pia hofu yako siyo barafu. Hofu ni saa. Kaka, tupige hesabu. Wakati wa baridi Nairobi iko mbele ya Toronto kwa saa nane. Akiwa uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, kwako ni saa nane mchana, uko kazini. Akirudi nyumbani saa mbili usiku, kwako ni saa kumi alfajiri, unakoroma. Saa nzuri kwenu wote wawili ni moja: yeye akila chakula cha mchana saa saba, kwako ni saa tatu usiku, umeshaoga na umeshakula. Saa hiyo hakuna barafu. Yule mchumba wa mwenzangu, aliyekuwa Tokyo, aligombea saa moja na kocha wake. Saa mbili usiku ya Toronto kwao ilikuwa saa nne asubuhi ya kesho yake, na wote wawili waliitaka hiyo hiyo, mmoja kwa mapenzi na mwingine kuangalia video za mazoezi. Mwisho kocha akapewa Jumanne na Alhamisi, mchumba siku zilizobaki. Aligomba wiki moja, akazoea. Walioana baadaye, na kocha alialikwa.

Mambo ya sanduku sasa, maana ndipo ugomvi ulipoanza. Dada, usinunue viatu vipya kwa ajili ya safari. Viatu vya skeiti vikiwa vipya ni vigumu kama mbao, vinachukua wiki kadhaa kulainika, na huwezi kuanza shule ngeni na malengelenge. Beba hivyo hivyo vilivyokuzoea. Kausha visu vizuri, vifunge kwa vitambaa vyake visipate kutu, uviweke katikati ya nguo kwenye sanduku la chini ya ndege. Jozi ni kama kilo mbili tu. Ukiona uzito unazidi, toa unga wa ugali. Toronto upo.

Na kaka akusindikize uwanja wa ndege, abebe hilo sanduku yeye mwenyewe. Tukutane mwezi ujao kwenye ile ya michango.