Cheti ni Haki, Sifa ni Fadhila



Kila Idi, tunapokaa barazani baada ya kula, hanikosi kijana mmoja au wawili wa kuninong'oneza: "Ami, wewe ulimsomesha fulani. Nisemee anipe barua." Nikiuliza zaidi huona kuwa fulani huyo ndiye mkubwa wake wa kazi wa zamani, na kwamba siku ya kuacha kazi kijana alimtupia funguo mezani mbele ya makarani wote. Sasa anataka sifa kutoka kwa mtu aliyemvunjia heshima, na anataka nikaziombe mimi.

Siandiki haya kwa kuwa mimi nilikuwa mstahamilivu. Nilifika Maskati mwaka 1976, nikiwa na miaka 18, na elimu ya chuoni na ya sekondari ya Unguja. Siku zile nchi ilikuwa ikifunguka baada ya mwaka 1970, na wengi wetu tuliotoka Afrika ya Mashariki tulipata kazi upesi kwa sababu ya Kiingereza. Kiarabu changu kilikuwa cha kusomea Qur'ani, si cha kusemea sokoni. Nikaajiriwa ukarani katika duka moja la jumla Matrah, na mkubwa wangu alikuwa akinisahihisha maneno mbele ya wateja, nao wakicheka. Miezi minane nilinyamaza. Mwezi wa tisa nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa, nikatoka.

Miaka miwili baadaye niliomba ualimu, nikatakiwa barua ya mahali nilipowahi kufanya kazi. Nililipita duka lile mara tatu kabla ya kuingia. Yule bwana alinikaribisha kahawa, akaamuru barua ipigwe taipu: siku niliyoingia, siku niliyotoka, kazi niliyoifanya. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake, wala neno la sifa. Wenzangu waliokuwa na barua za sifa wakatangulia. Mimi nikangoja mwaka mzima.

Hapo ndipo nilipojua kuwa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Cheti cha utumishi ni haki. Sheria ya Kazi ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani nambari 53 ya mwaka 2023, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho akikiomba, bila ya malipo. Na jamaa zetu wanaokuja kwa mikataba kutoka Unguja, Pemba na Mombasa, ambao zamani hawakuweza kuhamia kwa mwajiri mwengine bila ya karatasi ya ridhaa ya yule wa kwanza, tangu tarehe 1 Januari 2021 hawaihitaji tena wakimaliza mkataba wao. Haya hayataki kubembeleza wala kutuma wazee. Yadai kwa adabu na kwa maandishi.

Lakini hakuna sheria inayomlazimisha mtu akusifu. Hiyo ni fadhila, na fadhila hupandwa siku zile zile unapoudhika.

Wazee wenzangu huwaambia vijana, "Stahamili tu." Mimi sikubaliani nao. Mshahara ukizuiliwa, hiyo ni dhulma, na mahali pake ni Wizara ya Kazi. Ama mkubwa anayekuletea ujumbe wa simu saa nne za usiku, au anayekunyima likizo ya Idi akampa mwengine, huyo mwendee faraghani, mkiwa wawili, umweleze lililokuudhi. Mimi ningalimwambia yule bwana siku ya kwanza, "Nisahihishe, lakini si mbele ya watu," pengine yote yasingalitokea. Kunyamaza miezi minane hakukuwa subira. Nilikuwa naweka akiba ya hasira. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Na ukiwa umeshamtukana mkunga? Nenda mwenyewe. Anza kwa kuomba radhi, na siku hiyo usitaje haja yako. Ukirudi kuomba barua, mpe nafasi ya kufikiri, wala usimtake aandike lisilokuwa kweli. Akikataa, mshukuru uondoke. Kumtuma mzee ni kumfunga mikono mtu asiweze kukataa, na sifa za kulazimishwa hujulikana kwa anayezisoma.

Nilipopata ualimu nilikwenda Matrah kumpa yule bwana mkono wa Idi, na nikaendelea kwenda kila mwaka. Sikuwa na haja naye tena. Mwaka wa tatu alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniambia mbele ya wateja wake kuwa Kiarabu changu sasa kimenyooka.

Basi Idi ijayo, kijana anayetaka barua asije kwangu kwanza. Aende kwa mkubwa wake wa zamani akampe mkono.